Mfuko Namba Arubaini na Moja

Nassra alichimba shamba langu mara ya kwanza mwezi wa Januari, na mara ya pili Februari. Aliponipigia simu Jumatano moja kuniambia kuwa atakuja kuchimba mara ya tatu siku ya Jumamosi, nilikuwa sebuleni kwangu Mkunazini nakunywa chai. Niliiweka simu chini na chai sikuimaliza. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mke wangu, Salhiya, akaniuliza kama nina kitu kinaniuma. Nikamwambia sina. Akasema basi nikae mahali pamoja, maana namtia kizunguzungu.

Nassra alikuwa akitafuta katika udongo wangu kitu ambacho hakimo, na mtu pekee aliyejua kuwa hakimo ni mimi.

Naitwa Borafya Silima. Nilianza kazi serikalini nikiwa tarishi, nachukua majalada kutoka chumba hadi chumba bila ya kujua yameandikwa nini. Nikasoma masomo ya usiku miaka tisa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nina miaka arubaini na miwili, chumba kimoja na mtoto wa mkuu wangu wa kazi, na nilimpita. Nilistaafu nikiwa karani wa masjala, na mpaka leo sipitishi siku bila ya kusoma kurasa kumi za kitabu chochote. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyomfanya Nassra anichague mimi miongoni mwa wakulima wa Pete, kijiji kilicho kando ya msitu wa Jozani, ambako nina shamba la urithi na huenda kila mwisho wa wiki.

Nassra ni mtaalamu wa vinasaba. Ni msichana wa Mpendae, miaka thelathini na kitu, mwembamba, anasema polepole kama anayehesabu. Alitujia mwaka juzi kutafuta kuvu ya njugu. Alitueleza kuwa kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha, haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa, na inakula ini la mtu taratibu mpaka siku anayojiona mgonjwa inakuwa ameshachelewa. Yeye na wenzake walitaka kukusanya njugu za kila shamba, waoteshe kuvu zilizomo, kisha wasome jeni zake moja moja. Kila mkulima alipewa mfuko wa karatasi wenye namba na fomu yake. Wakati wa kuvuna, mfuko utiwe njugu za shamba lake mwenyewe, kama zilivyotoka ardhini, bila ya kuchagua.

Tulikuwa wakulima ishirini na saba. Wengi wao kuandika kunawapa tabu, na Nassra akaniomba niwaeleze kazi hiyo kwa lugha yetu na niwajazie fomu. Niliwakusanya skuli, nikasimama mbele ya ubao, nikawaeleza. Nilitia na maneno yangu mwenyewe humo. Namba za mifuko zilianzia vijiji vyengine, na wangu mimi ulikuwa namba arubaini na moja.

Mwaka ule nikapasuliwa mtoto wa jicho. Nilikaa mjini wiki tatu na bandeji, na niliporudi shamba nilikuta kima wa Jozani wameshamaliza kila kitu. Walikuwa wameng'oa mashina na kuyatupa, maganda yamezagaa, na hapakubaki njugu ya kujaza kiganja. Siku ya kurudisha mifuko ilikuwa kesho kutwa yake.

Katika fomu palikuwa na kisanduku cha kutia alama kama mtu hakuvuna. Nilikijua vizuri kisanduku hicho, kwani niliwaonesha wenzangu. Lakini nilikaa na ule mfuko mikononi na sikuweza. Kwetu sahani ikija na kitu haiondoki tupu. Marehemu mama yangu alikuwa akikosa kitu cha kuweka, huweka hata chumvi, hata ndimu mbili. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya ubao. Nitasimamaje tena mbele ya watu wale wale na mfuko umekunjwa mkononi?

Juu ya kabati, kule Mkunazini, palikuwa na bakuli la njugu. Aliyezileta ni Ummy, binti yangu wa kwanza, kutoka kwa mama yake, Wanu, mtalaka wangu anayeishi Jambiani. Wanu alisikia kuwa nimepasuliwa jicho, akatuma njugu za shamba lake. Salhiya hakusema neno, ila alipanda kiti, akaziweka juu ya kabati ambako mkono wake haufiki na wangu haukujaribu. Nilizishusha, nikazitia katika mfuko namba arubaini na moja, na pale palipoandikwa "shamba la" nikaandika jina langu kwa hati nzuri.

Mwaka ukapita. Nilikuwa nimeshasahau, au nilijiambia nimesahau, mpaka Nassra alipopanda ngazi za nyumba yangu na kompyuta yake kifuani, uso umemchangamka, akasema, "Mzee Borafya, mfuko wako umetoa kitu."

Alinionesha picha mbili za kuvu, zote kijani, zote kama unga uliomwagika. Alinitaka nizitofautishe na sikuweza. Akasema hata yeye hawezi kwa macho. Lakini jeni za ile iliyotoka mfuko wangu zilikuwa na pengo. Kipande kizima chenye maelekezo ya kupika sumu kimekatika, na kuvu inaishi vizuri tu bila ya kipande hicho. Ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Kuvu kama hiyo huoteshwa juu ya punje za mtama zilizochemshwa, kisha hurushwa mashambani mapema, ikashika nafasi kabla ya ile yenye sumu haijafika, kama mtu aliyewahi safu ya mbele msikitini. Wengine wakija wanakuta pameshajaa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wakati huo huo Salhiya akaingia na sinia ya visheti, kasikia maneno "mfuko wako", akaanza kumweleza Nassra jinsi ninavyojitaabisha na shamba lile kwa umri huu. Nikaufunga mdomo. Nilidhani nitaufungua kesho yake.

Kesho yake ilikuwa barzani. Junaid, fundi saa tunayekaa naye asubuhi, alishapata habari, na kuanzia siku hiyo aliniita Sheikh Kuvu. Kila anayepita huambiwa asogee, asipite karibu, Sheikh Kuvu ataota juu yake. Nilijifanya nimeudhika. Ukweli ni kwamba nilipenda, na nilikuwa nikifika barzani mapema zaidi kuliko zamani. Nilimweleza jeni kila aliyekuwa na masikio. Nilimweleza hata muuza kahawa.

Kumbe kuipata kuvu mara moja hakutoshi. Lazima ipatikane tena pale pale ilipotoka, katika udongo, ili ijulikane kuwa hapo ndipo kwao na imezoea. Ndiyo maana Nassra akaja na kijiko chake na vifuko vyake. Alichimba mashimo kumi na mawili shambani kwangu mwezi wa Januari. Kuvu alizipata tele, na zote zinapika sumu. Februari akachimba mengine kumi na mawili, ikawa vile vile. Aliniambia kwa upole kuwa udongo wangu ni miongoni mwa mibaya aliyowahi kuipima, na kwamba hafahamu, kwa sababu mifuko ya Pete yote ilionesha njugu safi. Akanitaka nisiwape wajukuu njugu za pale mpaka atakaponiambia.

Na Jumatano ile, katika simu, sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Alisema Jumatatu kamati inakaa. Kuvu ambayo haikupatikana tena mahali pake itafutwa katika orodha na chupa yake itachomwa. Mkuu wake anaamini kuwa kuvu ile haikutoka Pete kabisa, iliingia kutoka meza nyengine ya maabara kwa uzembe. Kisha akasema maneno yaliyonifanya niache chai.

"Huenda ni mimi, Mzee. Huenda nilichanganya. Nazipitia kumbukumbu zangu kila siku na sioni wapi, lakini huenda ni mimi."

Hakuchanganya kitu. Kuvu aliipata kweli, na sasa itachomwa, na yeye ataonekana mzembe. Mwenye kulijua hilo alikuwa akizunguka sebuleni kwake kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Nilishuka barzani, nikapanda tena. Nikachukua kitabu, nikasoma ukurasa mmoja mara tatu. Ndipo nikapata wazo, na wakati ule niliona ni wazo la kisomi. Kuvu inaishi katika udongo. Udongo wa Wanu ndio wenye kuvu. Nikiuchukua udongo wa Wanu, ndoo moja tu, nikautawanya shambani kwangu kabla ya Jumamosi, Nassra atachimba na ataikuta. Kuvu ni ile ile na jeni ni zile zile. Hakuna atakayedhurika. Alhamisi asubuhi nilitia ndoo ndogo ndani ya mkoba, nikapanda gari ya Jambiani.

Wanu nilimkuta uani kwake, ndiyo kwanza katoka pwani, kanga imerowa mpaka magotini. Alikuwa anatandaza mwani juu ya makuti, anaugeuza kwa mkono kama anayefua. Alinitazama bila ya kuacha kazi.

"Baba Ummy," alisema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa. Nshaogopa mimi."

Nilikaa juu ya kigoda. Tuliulizana hali, tukaulizana habari za Ummy na watoto wake, na kila nilipotaka kuanza nilijikuta naulizia jambo jengine. Mara mbili nilisimama nikakaa. Mwishowe nikasema nimekuja kumwomba udongo wa shamba lake la njugu, kidogo tu, wa ndoo hii.

Aliuacha mwani.

"Udongo," alisema.

"Kidogo."

"Miaka thalathini na mmoja tangu uniache. Hunisalimu ila maziko yatukutanishe. Leo umekuja na ndoo, umeificha mkobani, unataka udongo wa ninapokanyaga." Aligeukia ukuta wa jirani na kupaza sauti kidogo, ingawa sikuona mtu. "Mganga wako nani siku hizi? Nambie, huenda na mimi nikamwendea."

Nilimwambia si uganga, ni sayansi. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Basi sikuwa na njia ila kumweleza kila kitu, tangu mfuko mpaka kamati ya Jumatatu. Nilimweleza kama ninavyoeleza barzani, kwa vituo, na nilipofika kwenye bakuli juu ya kabati nilipitisha haraka. Yeye hakupitisha.

"Zile njugu nilikuletea wewe," alisema. "Nilisikia huoni."

"Najua."

"Ulikula ngapi?"

Nilitazama mwani. "Sikula hata moja."

Wanu akaanza tena kuugeuza mwani, safari hii polepole. Alisema alizichagua zile njugu moja moja, nono tupu, na kila aliyoiona imebanjuka ganda aliitoa. Akasema haidhuru, zilipata kazi kubwa kuliko tumbo langu.

Nikarudi kwenye udongo. Nilimwambia sitaki kumpokonya kitu, kuvu haina mwenyewe, na kwamba namwomba tu.

"Mimi unaniomba," alisema Wanu. "Yule msichana ndiye unayemwibia."

"Simwibii. Nampa anachokitafuta."

"Na mwakani wakija tena kuchimba? Utakuja na gari zima la udongo?" Hilo sikuwa nimelifikiria. "Na wakitaka kujua imeishije hapo? Mimi shamba langu nnatia mwani mbovu kila mwaka, ule wasioununua. Huku kwetu mawe matupu, udongo nimeuleta mwenyewe kwa kichwa. Wewe unatia nini huko msituni?"

"Sitii kitu."

"Basi. Utawaambia imeishi kwa hewa."

Mimi ndiye niliyesoma, mwenye kamusi tatu nyumbani. Nilikuwa nimekuja kuchukua udongo na sikuuliza hata mara moja udongo wenyewe una nini. Wanu alinawa mikono, akaniambia nimlete huyo msichana hapa Jumamosi badala ya Pete, achimbe mwenyewe mpaka achoke. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba katika karatasi zao waandike Wanu Shaame, wasiandike mke wa fulani wala mtalaka wa fulani. Ndoo yangu niliirudisha mkobani. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia jicho linaonekana zuri.

Nilirudi mjini na sikutulia zaidi kuliko nilivyotoka. Kuandika ndiko nikujuako, nikaona niandike barua. Niliandika "Yah: Marekebisho ya Fomu Namba 41", nikaandika aya ya kwanza, nikaichana. Rasimu ya pili ilinitaja mimi kama "mkulima husika". Nikaichana nayo. Rasimu ya nne ilikuwa na mistari sita na ndiyo niliyoichukua.

Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, nilifika maabara, jengo la chini lenye madirisha madogo upande wa pili wa Mpendae. Nassra alinipokea kwa shikamoo, akaninyanyulia kiti. Nilimkabidhi bahasha. Aliisoma barua amesimama. Akaisoma tena. Kisha akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Nataka uniambie kwa mdomo," alisema.

"Njugu hazikutoka kwangu. Zimetoka Jambiani, kwa Bi Wanu Shaame. Niliandika uongo."

"Kisanduku cha kutovuna kilikuwapo."

"Kilikuwapo. Nilikiona."

"Basi kwa nini, Mzee Borafya?"

"Mfuko ulikuwa wenu. Sikuweza kuurudisha mtupu."

Nilidhani atapiga kelele, na ningependa apige. Badala yake aliniambia kuwa miezi miwili amekuwa akiingia maabara wenzake wananyamaza. Aliwahi kumwita fundi akague mafeni kama yanapeperusha vumbi kutoka meza hadi meza. Alimwambia mkuu wake kuwa yuko tayari kutia saini kwamba kosa ni lake. Hayo yote aliyasema kwa ile sauti yake ya kuhesabu, na kila moja lilikaa juu yangu.

Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni, aligeuka.

"Fomu za wenzako umejaza ngapi?"

"Ishirini na sita, ukinitoa mimi."

"Uliwaambia nini pale skuli? Maneno yenyewe, kama ulivyoyasema."

Niliyakumbuka yote. Nilikuwa nimeyapanga usiku wa kuamkia siku ile na nimeyapenda. Niliwaambia kuwa wataalamu wametuheshimu, nasi tuwaheshimu, na kwamba jina la Pete limo ndani ya mifuko hiyo. Atakayerudisha mfuko mtupu au wenye uchafu atakuwa ametutia aibu sote. Kuhusu kutochagua nililisoma kama lilivyoandikwa, mara moja, kwa haraka, kwa sababu niliona ni jambo la adabu mbaya na sikupenda watu waulize.

Nassra akakaa. Alivuta karatasi kubwa kutoka nyuma ya kabati, ramani ya kisiwa yenye rangi. Vijiji vyenye sumukuvu nyingi vilikuwa vyekundu. Pete ilikuwa kijani. Kwa kuwa ilikuwa kijani, majamvi ya kuanikia na mafunzo ya kuhifadhi mavuno vilipelekwa kwengine. Hakunieleza. Niliisoma mwenyewe, kwani kusoma najua.

"Udongo mbaya, mifuko safi," alisema. "Nilidhani ni fumbo la kisayansi."

Alinitaka, kazi ya Jambiani ikimalizika, niende naye Pete nyumba kwa nyumba, zote ishirini na sita, nikaulize njugu za kila mmoja zilitoka wapi na zilitiwaje mfukoni. Nilimwomba aende yeye na vijana wake, mimi niandike orodha. Akakataa. Alisema wale watu walinisikiliza mimi.

Jumamosi tulikuwa Jambiani. Wanu alikuwa amevaa buibui jipya kwa ajili ya kuchimbiwa shamba, na alimfuata Nassra shimo kwa shimo, akimweleza kila kona alitia mwani wa mwaka gani. Nassra aliandika kila neno. Mimi nilishika mfuko wa vijiko. Jumatatu aliingia kwenye kamati na barua yangu, akaisoma mbele yao, jina langu na yote. Walimpa mwezi mmoja.

Mwezi huo sikuweza kukaa popote. Barzani Junaid aliniuliza habari za kuvu nami nikamwambia ukweli, kwamba si yangu, ni ya mtalaka wangu. Alicheka mpaka akaiangusha saa ya mteja. Tangu hapo haniiti Sheikh. Salhiya alizipokea habari kwa namna nyengine. Alinisikiliza, akaniuliza kama Wanu bado mwembamba, kisha kwa siku nne chumvi ya mchuzi ilizidi.

Siku ya ishirini na tatu Nassra alipiga simu. Katika mashimo kumi na mawili ya shamba la Bi Wanu Shaame, kuvu yenye pengo imepatikana katika matano, na pengo ni lile lile. Haitachomwa. Alilisema hilo kwa pumzi moja, nikasikia analia kidogo au anacheka, simu haikunionesha. Kisha akaniuliza Jumamosi tuanze Pete saa ngapi.

Tulianza saa moja asubuhi, kwa Usi, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani. Usi ni mtu mkarimu, mkubwa wa mwili, na alipotuona wawili alidhani tumekuja kushukuru. Aliita watoto wapishe mkeka. Aliagiza madafu. Nilikunywa dafu nikalimaliza, nikalitazama, na Nassra akanitazama mimi.

Nikamuuliza Usi, zile njugu za mwaka juzi alizotia mfukoni, zilitoka wapi.

"Za kwangu," alisema, na kidogo aliudhika. "Za shamba hili hili. Unadhani nilinunua?"

Nilipumua. Kisha nikauliza alizitia vipi.

"Kama ulivyotutaka. Tulikaa mimi na mke wangu siku mbili, tunachagua. Njugu zilizokwenda kwenu unaweza kumpelekea bwana harusi."

"Na zilizobaki?"

Hakulielewa swali. "Zipi?"

"Zile mlizozitoa. Zilizosinyaa, zenye kuvu."

"Ah, zile. Tulikula." Alimtazama Nassra kwa haya, kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani. "Tulitwanga, ukawa uji wa watoto. Ungetaka nitupe chakula, Mzee Borafya? Nzuri tumekupeni nyinyi."

Nassra aliiweka kalamu juu ya mkeka. Aliuliza, taratibu sana, kama hata mwaka huu huchagua hivyo hivyo. Usi akasema kila mwaka. Nzuri ni za wageni na za kuuza mjini. Alimwita mkewe, na mkewe akatoka jikoni na mkebe wa maziwa uliojaa njugu nyeusi, ndogo, nyengine zina unga wa kijani. Alisimama nao mlangoni, hakutaka kuusogeza mbele yetu.

Nilikwenda nikaupokea. Nilifungua mfuko mpya wa karatasi na kuanza kuumimina mkebe ndani yake. Mke wa Usi akanishika kifundo cha mkono. Alisema anaona haya, mimi ni mtu mzima na huyu ni mgeni, nimpe dakika tano tu achague.

"Usichague," nilimwambia. "Nipe hizi hizi. Na uji wa leo kama umeshapikwa, usiwape."

Aliniachia mkono. Nilizimimina mpaka ya mwisho, na mkebe ulipokwisha alikuwa ameshageuza uso kuelekea ukutani, na watoto wawili wamesimama nyuma yake wanatutazama, mmoja kashika kijiko. Nassra alikwenda kuchuchumaa mbele yao. Mimi niliandika namba juu ya mfuko kwa haraka, hata ile hati yangu nzuri haikutoka. Zilibaki nyumba ishirini na tano, na jua lilikuwa bado chini.